Wazee Tisa Kwenye Lori

Juzi nilikwenda kupima presha hapa Kigera, nikaishia kucheka mpaka muuguzi akakataa kunipima. Alisema nikipimwa nacheka hivyo, mashine itasema nimekufa.

Kosa lilikuwa la kalenda. Ilining'inia ukutani mbele ya benchi tulilokalia, na ilikuwa bado inaonyesha mwezi uliokwisha zamani kwa sababu hakuna aliyekumbuka kuufunua. Picha yake ilikuwa ya ufuko wenye minazi, na karibu na maji kulikuwa na sakafu pana ya mawe meusi, yaliyopangwa bila udongo wala simenti. Juu ya sakafu ile mawe mengine yalisimama wima, moja moja, kama watu waliochoka kungoja. Maandishi yalikuwa ya Kiingereza. Yule muuguzi, binti mpole, akanisomea: hapo ni mahali patakatifu pa watu wa kale wa visiwa vya Polinesia, huko katikati ya bahari ya Pasifiki. Walikutana hapo kuomba na kuwakumbuka waliotangulia, na kila jiwe lililosimama lilikuwa egemeo la mkuu wa ukoo fulani. Asiye mwenyewe hakuruhusiwa kuliegemea.

"Na mtu akiyang'oa?" nikauliza.

"Hapo hawajaandika, bibi."

Hapo ndipo kicheko kiliponishika. Hawajaandika, lakini mimi najua. Mimi niliwahi kuyang'oa, yote tisa, asubuhi moja, nikayapakia kwenye lori.

Sio huko Pasifiki, ambako sijafika. Ni hapa hapa kwetu, mbele ya Butiama, upande wa kuelekea Bunda, siku za Mwingereza. Ninyi wa rika langu mtakumbuka siku hizo, sukari ikipimwa kwa kikopo cha maziwa, na lori likipita watoto wote tunakimbia nyuma yake tukivuta harufu ya petroli kama watu wanaonusa pilau. Nilikuwa na miaka tisa au kumi. Baba yangu, Athumani, alikuwa fundi mwashi wa Musoma mjini. Nusu ya kuta za maduka ya Wahindi zilipita mikononi mwake. Alikuwa na tabia moja ambayo mama alimcheka nayo: hakutumia jiwe kabla ya kulipapasa. Angelipapasa kwa kiganja, akaligonga kidogo kwa nyundo, akainamisha sikio, ndipo akasema, "Haya, wewe njoo," au, "Wewe hapana."

Mwaka ule mama alijifungua mapacha. Nyumba ikajaa wanawake, na mimi nikawa wa kukanyagwa na kufukuzwa. Wakati huo huo baba alipata kazi ya boma, kujenga zahanati ndogo katika kijiji kimoja cha Wazanaki. Mama akasema, "Mchukue Tatu akakupikie chai, nipumue." Basi nikapanda lori kwa mara ya kwanza maishani, mbele, katikati ya baba na dereva Idi, juu ya magoti yangu nimepakata furushi la furu wakavu wa ziwani na mkebe wa sukari. Kazi yangu ilikuwa kuilinda ile sukari, na niliilinda kama askari wa benki.

Kijiji kile kilikuwa kimezungukwa na vilima vya mawe, yale mawe makubwa ya kwetu ya rangi ya ndovu, yaliyobebana kama yamewekwa na mtu mwenye mzaha. Tulipewa kibanda karibu na kwa Bibi Wakuru, mjane mwembamba aliyejua Kiswahili kwa kuuza ulezi sokoni Musoma. Alinionyesha njia ya maji, akanifundisha kujitwisha mtungi bila kushika, akacheka nilipolowana.

Nilipokuwa sina kazi nilipanda kilima cha karibu kutafuta matunda pori. Siku moja, katikati ya kilima kile, nikatokea mahali tambarare ambapo ardhi ilikuwa imefagiliwa safi. Mawe tisa yalisimama kwa duara, kila moja likinifika kifuani, bapa upande wa ndani. Kivuli kilikuwa kizuri, na mbuzi walilala pembeni wakicheua. Nikayahesabu, nikayaona mazuri kuliko mawe yote niliyowahi kuona, na nilikuwa binti wa fundi, mawe nilikuwa nimeyaona. Nikashuka. Sikumwambia mtu, si kwa siri, ila kwa kuwa hakuna aliyeniuliza.

Siku mbili baadaye baba alikwenda Butiama kuonana na bwana wa boma juu ya vipimo. Aliondoka na baiskeli mapema. Kabla hajapanda alinikuta nachochea moto, akasema, "Tatu, Idi akija na lori mwambie aanze na mawe. Mawe yetu ni yale ambayo wazee wametupangia kule kilimani. Utamwonyesha?"

"Nitamwonyesha, baba."

Kumbe wanakijiji walikuwa wamechanga nguvu, wakaokota mawe ya ujenzi na kuyarundika nyuma ya kilima, kando ya njia. Lundo lile sikuwahi kuliona. Mimi nilijua mawe ya mahali pamoja tu yaliyopangwa na wazee.

Idi akaja na vibarua wawili, wote vijana wa Musoma. Siku hiyo kulikuwa na gulio, wanaume wa kijiji walikuwa hawapo na wanawake walikuwa mashambani. Nikawatangulia njiani, mikono nyuma, kama nilivyomwona baba akitembea kazini. Tulipofika, Idi alilizunguka duara mara moja akajikuna kichwa.

"Mbona yamezikwa?"

"Yamesimamishwa ili yasiibiwe," nikajibu.

Sijui jibu lile nililitoa wapi. Lakini nililitoa kwa sauti ya mtu anayejua, na Idi alikuwa mtu wa kuamini haraka. Vibarua wakaleta mitaimbo. Wakachimba pembeni, wakabembeza, wakaangusha moja baada ya moja, wakayabingirisha mpaka lori lilipoweza kufika. Na kwa kuwa walikuwa vijana wenye adabu, wakayafukia yale mashimo yote na kuyashindilia vizuri, ng'ombe wa watu wasivunjike miguu. Ubaya wa adabu ile tuliujua baadaye. Kwenye kiwanja cha zahanati waliyamwaga chini, puu, puu, mara tisa. Nikawapikia chai kwa fahari.

Bibi Wakuru ndiye aliyetukuta kwanza. Alikuwa anatoka shambani na mzigo wa kuni kichwani. Alisimama, akatazama, na kuni zikaanguka zote.

"Wazee wetu!" akapiga kelele. "Mmewalaza chini! Mmewalaza kama kuni!"

Akashika kichwa, akakimbia kuelekea kwenye nyumba za watu. Idi na vibarua wakatazamana. Mimi nilibaki nimeshika sufuria. Sikusikia mfano katika maneno yale. Nilisikia yalivyotamkwa. Hao walikuwa wazee. Walikuwa watu, wamekaa kwao kilimani wakiongea mambo yao, na sisi tumewachimbua kwa mitaimbo tukawamwaga kichwa chini miguu juu, na mimi ndiye niliyeongoza njia.

Baba alirudi jua linatua. Alipiga magoti kando ya jiwe la kwanza, akalipapasa kama kawaida yake. Upande ule bapa ulikuwa mwororo, unateleza kama kinu cha zamani. Mkono wake ukasimama. Akaenda la pili, la tatu. Alipofika la mwisho alikaa chini kabisa, kwenye vumbi, na kanzu yake.

"Idi," akasema polepole, "haya mawe yameegemewa. Yameegemewa na watu miaka ambayo mimi siwezi kuihesabu. Nani aliwaonyesha?"

Idi akafungua mdomo. Akanitazama, nimejibanza nyuma ya magunia ya simenti, akafumba mdomo. "Nilikosea njia, fundi," akasema.

Baba alijua maana yake upesi kuliko sisi. Wanakijiji wale wakichukia, hakuna atakayeleta maji, mchanga wala mkono wake kwenye zahanati ile, na hata ikijengwa hakuna mama atakayemlaza mtoto wake mgonjwa ndani ya kuta zilizoanza kwa kuwatukana wazee. Boma lingetafuta fundi mwingine. Na jina la Athumani lingesafiri mbele yake kila anapokwenda. Alikula kidogo, akaswali, akalala.

Mimi niliamka alfajiri na mpango. Nilichemsha sufuria kubwa ya chai. Nikatia sukari yote, mkebe mzima, ile niliyokuwa nikiilinda. Nikaenda kiwanjani na kikombe kimoja cha bati, nikaanza na jiwe la karibu.

"Shikamoo, babu. Naitwa Tatu. Sio Idi aliyekosea, ni mimi. Baba alisema mawe waliyopanga wazee, nikadhani ndio ninyi. Sikujua kwamba ninyi ndio wazee. Kunywa chai, nisamehe."

Nikamwaga kikombe kwenye jiwe. Nikaenda kwa wa pili, nikarudia maneno yote tangu shikamoo, maana niliona ni utovu wa adabu kuwasalimia tisa kwa salamu moja. Nilipommalizia wa sita nikasikia mtu anakohoa. Baba alikuwa amesimama nyuma yangu, amejifunga shuka, na sijui alikuwa amesimama tangu wa ngapi. Nikangoja kofi. Badala yake akachukua ile sufuria, akanishikia, kwa kuwa ilikuwa nzito.

"Malizia," akasema. "Wamebaki watatu. Halafu vaa gauni lako safi, twende tukawaambie na wale wanaotembea."

Mkubwa wa wazee wale aliitwa Mzee Magoti. Mimi nilidhani kaitwa hivyo kwa sababu ya magoti yake, ambayo kweli yalikuwa makubwa, na kwa muda wote baba alipokuwa akiomba radhi nilikuwa nikiyatazama. Wazee saba wengine walikuwa pale, nyuso zimekunjwa. Bibi Wakuru alikaa mbali kidogo, karibu na ukuta.

Mzee Magoti alikuwa mkali, na hakuwa na haraka ya kuwa kitu kingine. "Fundi," akasema, "wewe unajua pale tunakaaga kufanya nini? Kabla ya kupanda ulezi, kila mwaka, tunakaaga pale. Kila nyumba ina jiwe yake. Baba yangu aliegemea ile yangu, na baba yake, na baba yake. Mtu anaegemea, anataja majina ya watu wake wote mpaka ya mwisho, wengine tunaitika. Tukimaliza kutaja, ndiyo mbegu inashuka. Bado siku nne tu. Tutaegemea nini? Hewa?"

"Nitayarudisha yote kwa mikono yangu, mzee," baba akasema. "Bila malipo."

"Utarudisha wapi? Mumefukia hata mashimo! Na wewe utajua ya nani ni ipi?" Akamgeukia Idi. "Na huyu ndiye alionyesha njia?"

Nilisikia miguu yangu ikitembea kabla sijaiamuru. "Ni mimi," nikasema. Nikaeleza yote, mpaka chai.

Mzee Magoti akanitazama juu mpaka chini.

"Chai," akasema. "Ya maziwa?"

"Ya rangi, babu. Maziwa hatukuwa nayo. Lakini niliweka sukari yote."

"Yote?"

"Mkebe mzima."

Mzee mmoja akaanza kutingishika mabega. Nilidhani analia. Kisha wa pembeni yake akashindwa kujizuia, kikamtoka kicheko cha puani, na Mzee Magoti, aliyekuwa bado amekaza uso, akasema, "Mimi nimekaa na hao watu miaka yote hiyo, tunawapaga pombe tu, maziwa tu. Hakuna aliyewapa sukari. Watatusumbua sasa." Basi hapo wote wakaangua. Mimi peke yangu sikucheka. Bado niliamini kwamba walikuwa wanazungumza juu ya watu waliolala kiwanjani na wanaosubiri kuinuliwa.

Walikuja kiwanjani jua lilipopanda, wazee wote wanane, na nyuma yao kijiji kizima kilichokuwa kimesikia. Hapo ndipo tabu ilipoonekana. Mawe yakiwa yamesimama mahali pake, kila mzee alijua lake akiwa amefumba macho. Yakiwa yamelala ovyo, nusu yamechafuka udongo, yote yalikuwa mawe tu. Mzee mmoja aliyeitwa Manyama akasema hili ni langu, mwenzake akasema hapana, hilo naliegemea mimi tangu siku niliyopewa mkuki. Wakaanza kurushiana maneno kwa Kizanaki, na fimbo zikainuka kidogo.

Baba ndiye aliyewaza. Alimwomba Mzee Magoti ruhusa, akawaita Idi na vibarua, wakayasimamisha mawe yote tisa kwa kuyategea magogo nyuma. Kisha akasema, "Wazee wangu, jicho linadanganya. Mgongo haudanganyi. Kila mmoja ajaribu."

Sijawahi kuona tena jambo kama lile. Wazee wanane, watu wa kuogopwa, wakavua mablanketi yao na makoti ya jeshi, wakabaki migongo wazi, wakaanza kuegemea mawe mmoja baada ya mwingine kama wanawake wanaojaribu viatu dukani kwa Mhindi. Walifumba macho. Walijisugua kidogo kushoto, kidogo kulia.

"Hii si yangu. Hii ina mfupa."

"Lete huko, mimi nina shimo la mfupa hapa."

"Aa! Aaa. Hii hapa. Hii hapa, jamani, habari ya siku nyingi!"

Kila mzee akipata lake, watu walipiga vigelegele, na mwenyewe alikataa kuinuka, akabaki ameegemea akitabasamu na macho yamefumbwa. Mzee Manyama aligundua kwamba jiwe alilotaka kulipigania lilimchoma ubavuni, akalisukuma kwa mwenzake bila kuomba radhi, na yeye mwenyewe akapata lake alipojaribu la tatu. Mzee Magoti alikuwa wa mwisho. Alipolipata aliketi chini, akanyoosha yale magoti, akashusha pumzi ndefu kama mtu aliyevua mzigo wa kutoka mbali.

Likabaki moja. Lilikuwa dogo kidogo, lina mshipa mweupe. Hakuna aliyeliomba.

"Ya nani hii?" baba akauliza.

Wazee wakatazama chini. Mzee Magoti akasema nyumba ya jiwe lile ilikwisha, mwenye nyumba alikufa bila mtoto wa kiume, tangu hapo linakaaga tu wazi, na majina yake hayatajwi. "Na hatujui kama ndiyo yenyewe," akaongeza. "Labda mlichukua jiwe lingine huko mlimani. Hakuna mgongo wa kutuambia."

"Upo," akasema Bibi Wakuru.

Alikuwa amesimama katikati ya wanawake. Akapita mbele taratibu, akafunua kaniki yake begani, mbele ya watu wote, akageuka, akaegemea. Alifumba macho. Mkono wake wa kushoto ukashuka wenyewe nyuma ya jiwe, ukapapasa, ukapata kijitundu ambacho hakuna aliyekuwa amekiona, kidole chake kikaingia.

"Ndiyo yenyewe," akasema. "Ni ya baba. Nilikuwaga namsindikiza na kibuyu, nikiwa mdogo kuliko huyu binti wa fundi. Alinificha hapa nyuma. Na akishafariki, nilikuwa nakuja peke yangu. Kila mwaka. Ninyi mkishaondoka."

Minong'ono ikapita kwa watu. Mzee Manyama akapiga fimbo chini. "Mwanamke? Anaegemea?"

Bibi Wakuru hakuinuka. "Basi nionyeshe mwanaume anayelijua," akasema.

Manyama akatazama kulia, akatazama kushoto. Watu walikuwa wanangoja. Mwishowe Mzee Magoti akasema, bila kufumbua macho, pale pale alipoegemea, "Jiwe hii imetolewa kwake, imepigwa mitaimbo, imetupwa, imenyweshwa chai. Tukiiacha tena bila mtu mwaka huu, mimi sitaki kujua itatufanya nini. Wakuru, majina unayajua?"

"Kumi na moja."

"Kumi na moja!" akasema Magoti, akafumbua macho. Yeye, tulikuja kuambiwa, alikuwa na tisa. "Basi utakuja."

Siku ile ile tuliwarudisha. Baba alitandika nyasi kwenye lori, na juu yake mikeka ya Bibi Wakuru, mawe yakalazwa kwa ubavu. Lakini wazee hawakukubali mawe yaende peke yao. Walipanda, kila mmoja akakaa kando ya lake amelishika, Mzee Magoti akitoa amri kwa Idi kupitia dirishani. Idi aliendesha polepole mpaka watoto tukawa tunatangulia mbele ya lori badala ya kulikimbiza. Wanawake waliimba. Kwenye shimo moja lori liliruka, wazee wote wakapiga kelele pamoja, halafu wakacheka kama vijana, kwa maana wengi wao nao ilikuwa mara yao ya kwanza kupanda gari.

Kule juu baba alifanya kazi siku mbili. Simenti hakuitumia hata kijiko. Alichimba pale kila mwenye jiwe alipomwonyesha, akapanga vijiwe chini, akashindilia, akapima wima kwa kamba ya timazi, na kila jiwe likisimama alimwita mwenyewe aegemee. "Rudisha nyuma kidogo, fundi. Kidogo tena. Hapo, hapo." Walimpa maziwa ya mgando mpaka akasema tumbo limekuwa kibuyu. Nao wakamwuliza kwa upole kwao ni wapi, na ukoo wake ni upi. Alijibu kwamba kwao ni Musoma. Wakangoja aendelee, hakuendelea.

Siku ya kukaa kwao, sisi wageni tuliruhusiwa kutazama kutoka chini kwenye miti. Sikuelewa maneno, lakini nilielewa mwendo wake: sauti moja inataja, nyingine zinaitika, inataja, zinaitika. Ilipofika zamu ya jiwe lenye mshipa mweupe, sauti ikawa nyembamba. Nikahesabu kwa vidole. Wazee waliitika mara kumi na moja, na mara ya mwisho waliitika kwa nguvu kuliko zote, hata Manyama.

Baada ya hapo hatukuwa na shida ya maji wala mchanga. Watu walikuja kujenga zahanati wakiwa wengi kuliko kazi yenyewe, na lile lundo la nyuma ya kilima likahamishwa kwa mikono asubuhi moja. Paa likaezekwa. Nikapewa na Bibi Wakuru kuku mweupe, ambaye alinichafua gauni njia nzima.

Maana tulirudi Musoma kama tulivyokuja, watatu mbele ya lori la Idi. Tulikuwa tumeshaipita Butiama baba aliposema, kama anaendelea na mazungumzo ambayo mimi sikuyasikia mwanzo wake, "Mimi nina matatu."

"Matatu nini, baba?"

"Majina. Baba yangu aliitwa Feruzi. Baba yake Mabruki. Baba yake Songoro. Huyo Mabruki alikuja na msafara wa watu wa pembe za ndovu, akiwa mtoto, akafika huku hajui njia ya kurudi. Songoro ni jina tu, baba hakuwahi kuniambia zaidi. Hapo pameishia."

Alisema hivyo akitazama barabara, na nikaona kwamba jambo lile lilikuwa limemkaa tangu siku ya maziwa ya mgando. Nilifikiri kwa bidii. Nilitaka kumpa kitu.

"Basi mimi nina manne," nikasema. "Athumani, Feruzi, Mabruki, Songoro. Na watoto wa mapacha watakuwa na matano, tutaongeza hivyo mpaka tumpite Mzee Magoti."

Baba akaanza kucheka, taratibu, mpaka kofia ikamshuka. "Sema tena," akasema.

Nikasema tena. Yeye akaitika, kama wale wazee. Nikasema tena, akaitika, na Idi naye akadakia kuitika, akipiga honi kwenye kila jina, na kuku akipiga kelele miguuni pangu. Tulikwenda hivyo mpaka ziwa likaonekana. Hapo Idi akanyamaza, akabadilisha gia, akasema kwa sauti ya kuomba, "Tatu, na mimi nishikie la kwangu. Nina moja tu, na mimi ni msahaulifu."

Nikamwambia alitaje. Nimelishika mpaka leo: Idi, mwana wa Mfaume.